Kilio cha Mama Nabintu

Kila siku alipotoka shuleni, Alliance alishuka basi mtaani Beechmont, huku Marekani, akavua viatu mlangoni, kisha akamsimulia bibi yake vituko vya watu aliowaona njiani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na macho yasiyopitwa na kitu. Bibi yake, Koko Nzigire, alicheka mpaka akajishika mbavu.

Ndipo mwalimu wa Kiingereza akawafundisha habari za mcheshi mmoja maarufu wa Kimarekani, aliyeandika kwa utani jinsi binadamu tulivyo. Kila mwanafunzi aliambiwa aandike ya kwake. Alliance alisoma mbele ya darasa: "Mtu mzima akikuambia, 'Mimi sisemi kitu,' vuta kiti ukae. Baba yangu hana njaa mpaka aone sahani ya mwenzake. Na Mama Nabintu wa kanisani kwetu hulia katika kila matanga. Kwanza hutafuta leso, halafu ndipo huuliza aliyekufa ni nani."

Darasa zima liliangua kicheko. Rafiki mmoja alikuwa akimrekodi kwa simu. Kufikia Jumapili, video ilikuwa imewafikia ndugu wa miji ya Columbus na Buffalo, na Mama Nabintu mwenyewe alikuwa ameiona. Siku hiyo hakuja kanisani.

"Alliance, uende umuombe musamaha," Koko Nzigire alisema. Safari hii hakucheka hata kidogo.

"Ulikuwa mzaha tu," Alliance alijibu kwa Kiingereza, akaahidi kwenda kesho. Kesho hiyo aliisogeza mbele wiki tatu. Katika wiki ya nne Koko Nzigire aliugua ghafla, akafa.

Ndugu walikuja kwa magari kutoka Columbus na Buffalo. Wanawake walikaa chini sebuleni. Kwao Bukavu, mji walioukimbia wakati wa vita, mama mmoja huanza kulia kwa sauti, akimwita marehemu kwa jina, na wengine humfuata. Sasa hakuna aliyeanza. Walipangusa macho kimyakimya, wakizitazama simu mikononi mwa vijana. Nani alitaka kuchekwa mpaka Buffalo?

Baba yake Alliance, mzee Cubaka, alikuwa bado amevaa sare ya ghala analofanyia kazi huko Jeffersontown. Aliinamisha kichwa. "Bon, basi," akasema, "mama yangu anaenda bila kilio."

Maneno hayo yalimchoma Alliance moyoni. Ni yeye aliyewafunga wanawake wale midomo. Alitoka bila koti, akavuka barabara mbili, akabisha mlango wa Mama Nabintu.

"Mama, nilikukosea," alisema. "Nilikufanya kichekesho, tena nikachelewa kuja. Unisamehe. Koko amekufa na hakuna mutu wa kumulilia."

Mama Nabintu alisimama mlangoni.

"Ile ulisema haiko bongo, haiko uongo," akajibu polepole. "Ni kweli, ninalia kabla ya kujua jina. Donc, basi, nikuambie sababu. Batoto yangu bawili balikufa mu njia, wakati tulikuwa tunakimbia vita. Tulibazika haraka. Bakaniambia ninyamaze, askari basitusikie. Hakukuwa matanga. Sasa kila fasi, kila nyumba banalia mutu, ninaingia, ninalia batoto yangu."

Alliance aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona huzuni nzito. Alilia pale pale kizingitini. Mama Nabintu alijifunga kitenge, akamshika mkono.

Walipofika, Mama Nabintu hakungoja kukaribishwa. "Nzigire we!" alipaza sauti. "Umeniacha na nani?" Wanawake wote wakaitikia kwa kilio, na mzee Cubaka, aliyekuwa amejikaza tangu alipopata habari, akalia kama mtoto.

Siku iliyofuata maziko, Alliance alikaa karibu na baba yake.

"Macho yako ni mazuri, usiyafumbe," baba alimwambia. "Lakini uliona machozi ya mutu, hukuuliza yanatoka wapi. Ungeuliza kwanza, haungecheka."

"Koko hakuniona nikienda kuomba musamaha," Alliance alisema.

"Hakukuona," baba alikubali, bila kumdanganya. "Hii itakuuma miaka mingi. Iache ikuume. Na ukimukosea mutu mwingine, uende siku ile ile."