Sita na Nusu

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Paskali alishika simu. Alitazama bei ya alizeti. Alitazama kama mvua itanyesha. Kuku wakizubaa, aliiuliza simu. Mtama ukiingia wadudu, aliiuliza simu. Wakati huo kampuni za simu zilikuwa zikigombea wateja mpaka vijijini, na kijiji chao, upande wa Mtinko, kilikuwa kimepata mnara. Paskali alikuwa wa kwanza pale kununua simu yenye intaneti. Watu wakamwita Bwana Mtandao, na jina hilo alilipenda.

Jirani yao aliitwa Marietha. Alikuwa mama wa makamo, mhudumu wa afya wa kijiji, na sauti yake ilifika kisimani kabla yake. Siku moja aliwakusanya wazazi awafundishe kuchanganya maji ya sukari na chumvi, kwa ajili ya mtoto anayeharisha.

"Sitaki mnisikilize tu," alisema. "Nataka kila mtu achanganye kwa mkono wake. Haya, Baba Peniel, wewe ndiye mrefu, anza. Shika kijiko."

Badala ya kushika kijiko, Paskali aliinua simu juu ili wote waione.

"Mama, hayo yote yamo humu. Siku hizi kichwa ni cha kuvalia kofia tu!"

Watu waliangua kicheko. Mkewe, Esta, hakucheka. Alimvuta shati.

"Haya, Bwana Mtandao," alisema Marietha. "Kofia ni yako na kichwa ni chako."

Paskali akaondoka zake. Nyuma yake alisikia wanawake wakiimba pamoja, "Sita na nusu! Sita na nusu!" Hakugeuka.

Masika yalipokolea, Esta alipata habari ya msiba wa kaka yake huko Itigi. Akasafiri. Peniel, mtoto wao wa miaka miwili, akabaki na baba yake.

Asubuhi moja Peniel aliamka akiharisha. Akaharisha tena. Akatapika uji wote. Jua lilipopanda, mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa kilichoroweshwa. Paskali alichukua simu. Hakukuwa na mtandao. Radi ilikuwa imepiga mnara.

Alipanda juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtandao hukamata vizuri. Hakuna. Alinyoosha mkono juu kama mtu anayeomba mvua. Hakuna. Kutoka pale aliliona korongo. Maji mekundu yalikuwa yamejaa ukingo kwa ukingo, na zahanati ilikuwa ng'ambo.

Alishuka na kujaribu kukumbuka. Sita na nusu. Ndiyo, lakini sita za nini? Na nusu ya nini? Paskali alikuwa mtoto wa wafugaji. Tangu utotoni alijua kwamba ng'ombe akilegea hulambishwa chumvi. "Chumvi ndiyo yenye nguvu," aliwaza. "Sukari ni ya kuongeza utamu." Akatia vijiko sita vya chumvi katika kikombe cha maji, na nusu kijiko cha sukari.

Peniel alimeza kidogo, akakunja uso, akatapika. Paskali alionja mwenyewe. Ulimi ulimwaka. Alisimama na kikombe mkononi, akaogopa mkono wake mwenyewe.

Alijua aende kwa nani. Nyumba ya Marietha ilikuwa nyuma tu ya ua wa minyaa. Alimbeba mtoto, akaenda mpaka mlangoni pa ua. Ndani wanawake walikuwa wakipepeta mtama na kucheka. Kicheko kile kilimsimamisha. Watasema nini? Leo kofia iko wapi? Akarudi nyuma.

Alipofika kwake, Peniel alilia. Kinywa kilikuwa wazi, sauti ilitoka, lakini machozi hayakutoka. Macho yalikuwa yameingia ndani. Paskali hakungoja tena. Alikimbia.

"Shikamoo, mama," alisema akihema.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mtoto. Nimempa... nimechanganya vibaya. Chumvi sita. Nisaidie, mama."

Mwanamke mmoja alifungua mdomo aseme neno, Marietha akamkazia macho, naye akaufunga. Kisha Marietha akampokea Peniel. Alibana ngozi ya tumbo kidogo na kuiachia. Ilirudi polepole.

"Maji yamemwishia mwilini. Alimeza mengi ya hayo ya chumvi?"

"Kidogo tu. Akatapika."

"Ashukuriwe Mungu. Chumvi nyingi humkausha mtoto zaidi. Yale yamwage. Sasa utachanganya wewe."

"Mimi? Mama, changanya wewe, mimi nimeshaharibu!"

"Ndiyo maana utachanganya wewe."

Alimpa chupa ya lita moja iliyokuwa ya mafuta ya alizeti, safi, iliyooshwa vizuri. Alimpa maji yaliyochemshwa na kupoa. Alimwambia anawe mikono kwa sabuni. Kisha akampa kijiko kidogo, kile cha chai.

"Jaza maji lita moja. Sita ni sukari. Sawazisha kwa kidole, kijiko kisiwe na mlima. Nusu ni chumvi. Nusu kijiko, basi. Sukari sita, chumvi nusu. Sema."

"Sukari sita, chumvi nusu," alisema Paskali.

"Tikisa mpaka viyeyuke. Sasa onja kabla ya kumpa. Yasizidi chumvi ya machozi."

Paskali alionja. Hakuwa na uhakika.

"Usihangaike," alisema Marietha taratibu. "Ya kulinganishia unayo usoni."

Hapo ndipo Paskali alipojua kwamba analia mbele ya wanawake wote wale. Aliinamisha kichwa. Hakuna aliyecheka.

Alimnywesha mtoto kwa kijiko, kidogo kidogo. Peniel alitapika mara moja. "Subiri kidogo, kisha endelea polepole," alisema Marietha. "Na kila akiharisha, mpe tena. Akitaka kula, mpe chakula. Usimnyime." Paskali aliendelea, kijiko baada ya kijiko. Mchana ulipopinduka, alihisi joto mapajani. Peniel alikuwa amemkojolea.

"Suruali yangu!" alisema.

"Shangilia, baba!" alipaza sauti Marietha. "Mkojo huo ni habari njema. Maji yamerudi."

Korongo lilipopungua, walivuka pamoja hadi zahanati. Mganga alimpima Peniel, akampa pakiti za dawa ya kuchanganya na maji, pamoja na vidonge vya zinki. Alisema mtoto asiyeweza kunywa, au anayeharisha damu, au aliyelegea hivyo, asicheleweshwe hata kidogo.

Esta aliporudi, Paskali alimweleza yote, hata lile la kurudi nyuma mlangoni. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Uliwaogopa watu kuliko kumpoteza mtoto?" Esta aliuliza.

Marietha alipowakusanya tena wazazi, Paskali alisimama bila kuitwa. Alieleza kosa lake akitazama chini. "Simu si adui," alisema. "Lakini jambo lililomo ndani yake bado si lako, mpaka ulifanye kwa mkono wako ungali na nafasi." Wakakubaliana. Mtandao ukiwepo, wataitafuta elimu, waulize wataalamu kama ni sahihi, kisha waifanye pamoja: chanjo ya kideri ya kuku, kuhifadhi mtama usiliwe na wadudu, kusafisha maji. Kila jambo lijulikane katika nyumba kadhaa, na lichorwe kwa rangi pale linapotumika. Paskali alipewa jukumu la kufundisha maji ya sukari na chumvi. Alichora vijiko sita juu ya mtungi wake, na nusu kijiko pembeni.

Masika mengine mnara ulizimika tena. Asubuhi ile Paskali alimwona kijana Philipo nje ya ua wake, amebeba mgongoni mtoto aliyelegea. Philipo hakuwahi kuhudhuria hata mkutano mmoja. Alisogea mlangoni, akasita, akaanza kugeuka.

Paskali aliitambua ile hatua ya kurudi nyuma. Hakumuuliza alikuwa wapi siku zote. Alitoka mbio, akamshika mkono.

"Ingia, mdogo wangu," alisema. "Nawa mikono. Utachanganya wewe, mimi nitakuonyesha."