Sema, Mwanangu

Jumamosi ile nilikuwa juu ya jukwaa napiga lipu, simu ikalia. Mimi ni mwashi, mikono ilikuwa saruji tupu, nikaipokea kwa kidole kidogo. Alikuwa mdogo wangu wa kike, fundi cherehani, anacheka na kulia kwa pamoja.

“Kaka, kasema! Kibonge kasema!”

“Kasema nini?”

“Kasema ‘uma’. Kajigonga mezani, kaniangalia usoni, kasema ‘uma’!”

Asiyejua angeshangaa mama anayefurahia mwanawe kuumia. Sisi tulijua. Kibonge alishapita umri wa kuanza kusema na hakuwa na neno hata moja. Alichokuwa nacho ni mayowe. Alijirusha sakafuni akalia mpaka midomo ikabadilika rangi, na mama yake akawa mtu wa kubahatisha: njaa? tumbo? jino? Shemeji yangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, kwake huja kama mgeni. Mayowe yote yalimwishia mama. Aliwahi kuniambia kwamba siku nyingine humweka mtoto chini, akatoka uani na kung’ata kipande cha kitambaa ili asije akampiga. Kisha hurudi na aibu yake, akambusu nyayo.

Basi akaanza kumfundisha. Anakanyaga cherehani huku anaongea. “Usilie tu, mwanangu. Sema. Sema inauma. Sema sitaki.”

Mtoto akashika. Na aliposhika, akaanza kueleza.

Mchana mmoja mdogo wangu alikuwa anamvua nguo amwogeshe, akaona paja limejaa alama za kucha. Nyingine zilikuwa zimevilia damu.

“Nani kakufanya hivi?”

Kibonge akanyoosha kidole kwenye chumba cha nyuma, kwenye kabati lililojengwa ukutani.

“Bibi. Bibi finya.”

Mama yetu tulishamzika zamani. Mama mkwe wake hakuwahi kukanyaga nyumba ile ya kupanga.

Mdogo wangu hata hakulifikiria kabati. Aliyekuwa anamshika mtoto yeye akishona ni binti wa kazi. Akamkamata nywele, akamburuza mpaka uani, akamshushia rula ya mbao anayopimia vitambaa. Ikavunjika. Akaendelea na kipande kilichobaki. Binti aliapa kwa kila anachokijua, damu inamtoka puani, na mama hasikii. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anaona utamu. Miezi yote ile ya kutojua nani amlaumu, sasa kapata mtu.

Kibonge akaja mbio, akamng’ang’ania sketi.

“Sio dada! Bibi!”

Na palepale, mbele ya macho ya wote wawili, ngozi ya shavu la mtoto ikavutika. Ikavutika kama imeshikwa na vidole. Ikazungushwa. Ikachanika.

Hapakuwa na mtu.

Binti wa kazi alitoka getini peku na hakurudi hata kuchukua nguo zake. Mdogo wangu alimkumbatia mwanawe, damu inamlowesha kifua, na Kibonge akataka kumweleza tena. “Mama, Bibi—” Sikio likapasuka kwa juu.

Hapo ndipo alipoelewa. Mtoto alipokuwa analia bila maneno, hakuguswa. Alikuwa anaadhibiwa kwa kusema.

Akamziba mdomo kwa kiganja.

“Nyamaza,” akamnong’oneza. “Usiseme, mwanangu. Usiseme kabisa.”

Kibonge alimtazama juu ya kile kiganja. Aliyaelewa maneno yale. Mdogo wangu ananiambia kwamba yote aliyoyaona siku ile hayakumuuma kama macho yale: kamnyang’anya mtoto kitu alichompa mwenyewe.

Walilala kwa jirani. Asubuhi nikafika na gari la kukodi tuhamishe vitu. Jua lilikuwa kali, redio ya jirani inaimba, dereva ananitania kwamba mashine ya cherehani ni nzito kuliko bibi harusi. Mama mtoto alimshusha Kibonge chini mara moja tu, afunge begi.

Alipogeuka, akaniuliza.

“Kibonge yuko wapi?”

Tukaita. Hata kilio hakuna.

Tulimkuta chumba cha nyuma, ameketi ndani ya kabati, midomo ameibana, machozi yanatiririka. Miguu yake ilikuwa imeingia ukutani mpaka magotini. Sisemi kwenye tundu. Nasema ukutani. Lipu kavu, haina ufa.

Nikamshika kwapani, nikavuta. Kitu kikavuta upande wa pili. Kikanishinda. Mapaja yakaanza kuzama.

Nikachukua nyundo yangu, nikapiga. Ukuta ule najua ni wa tofali moja, nyuma yake ni njia ya watu. Lipu ilipopasuka ilitoka damu, ya moto, ikaniruka machoni. Mdogo wangu akaja na mkasi wake mkubwa, akauzamisha kwenye ufa, akauchomoa, akauzamisha tena. Kitu kikaguna ndani. Safari ya tatu mkono wenyewe ukaingia, mpaka kiwiko. Nikasikia kikiung’ata, mifupa inavunjika. Akapiga ukelele, lakini hakuutoa mkono. Akainama kwenye uso wa mwanawe.

“Sema!”

Mtoto akatikisa kichwa, midomo imebanwa.

“Mama alikosea! Sema! Piga kelele, mwanangu!”

Kibonge akafungua mdomo.

“Sitaki! Bibi, sitaki! Inauma! Niache! Mama yangu huyu!”

Shingo yake ikachanika kwa kucha. Akasema tena. Kifua kikachanika. Akasema kwa nguvu zaidi, amekunja uso kama mtu mzima mwenye hasira, “Sitaki!”

Kikaachia.

Tulianguka chali sote watatu, tukatoka kwa kutambaa.

Makovu ya Kibonge yamefifia. Sasa anasema mpaka unaomba akupumzishe, na mama yake hajamkatiza tena hata siku moja. Mdogo wangu alimfuata binti wa kazi mpaka kwao, akapiga magoti. Hakusamehewa, na anasema ni haki.

Lakini siku ile mganga wa zahanati aliyeusafisha mkono wa mdogo wangu alituita pembeni. Katikati ya nyama, pale ulipong’atwa, alikuwa ametoa jino. Akatuuliza la nani. Akamfungua Kibonge mdomo, akahesabu, akahesabu tena. Meno yake yote yalikuwa yametimia.

Lilikuwa jino la maziwa la mtoto mwingine, dogo, jeupe. Na mzizi wake ulikuwa bado una damu.