Mtambo Uliokunywa Spiriti

Kila asubuhi, majogoo wa Ruaruke wakiwa bado wanabishana nani awike wa mwisho, Mwanaharusi alishuka gatini kumsaidia mjomba wake Bashiru kuchuja mafuta ya mashua. Yeye alishika kitambaa, mjomba akamimina. Kisha mjomba alijaza chupa nyeupe, akaiinua kwenye mwanga na kuitazama kama mtu anayekagua mahari.

Mashua yenyewe ilikuwa mali ya tajiri mmoja mfanyabiashara wa boriti za mikoko, na ndiyo ya kwanza kuonekana pande zile ikienda bila tanga wala kafi. Ilikuwa na mtambo uliokohoa kama mzee anayekataa dawa. Mjomba Bashiru alijifunza kuuendesha Dar es Salaam, akarudi kijijini na vidole vyeusi na tabia ya kuusemesha mtambo kwa upole ambao hakuna mke aliyewahi kuusikia kwake.

Mwaka ule vita vilipoanza, petroli iliadimika. Meli zilizokuwa zikileta madebe sasa zilileta askari. Basi mjomba akaanza kuchanganya petroli yake kidogo na spiriti iliyopikwa kwa miwa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, wakasema mtambo wa Bashiru umeacha swala. Biasha, mama yake Mwanaharusi, hakucheka sana. Alimwambia kaka yake kwamba mtambo na unywe utakacho, lakini debe lile halitalala nyumbani mwake, na yeye Bashiru hatagusa sahani kabla ya kunawa.

Mwanaharusi, ambaye maswali hayakumwisha mdomoni, alitaka kujua kama mchanganyiko ule ni mzuri au mbaya. Mjomba alimweleza kwamba una yote mawili. Spiriti ilitoka shambani, si ng'ambo, na iliwaka bila masizi. Bila yake mashua ingekwisha kufungwa kamba zamani. Lakini nguvu yake ilikuwa ndogo kuliko ya petroli, hivyo mtambo ulikunywa zaidi kwa safari ileile. Ililainisha mipira ya mabomba ikawa kama kaimati iliyolala kwenye shira. Tena moto wake mchana hauonekani. Hilo la mwisho Mwanaharusi alilishuhudia mwenyewe: siku moja jua likiwa kali, pembe ya mkeka ilianza kujikunja na kuwa nyeusi, polepole, kama inayoliwa na mdomo usioonekana. Hakukuwa na mwali wala moshi. Tangu hapo alilizunguka debe la spiriti kwa mbali, kama watu wanavyolizunguka kaburi lisilo na mwenyewe.

Ila ubaya mkubwa, alisema mjomba, ni maji. Petroli tupu huyakataa maji. Yenyewe hukaa juu, maji hukaa chini, nawe unayatoa kwa bilula iliyo chini ya tangi. Spiriti huyakumbatia. Na maji yakizidi, spiriti huiacha petroli na kushuka pamoja nayo maji chini, mahali hasa mtambo unapokunywa. Kwa hiyo alimsihi afunge madebe vizuri, hata umande usiingie.

Mwanaharusi aliyasikia yote hayo. Lakini nyumbani kulikuwa na jambo jingine alilolisikia, na hilo lilitoka kwa baba yake.

Baba yake, Mshamu, alikuwa ameondoka na wanaume wenzake kwenda vitani juu ya mto. Kabla ya kuondoka alitundika mlangoni kibuyu cha dawa. Mtoni kote watu walisema mwenye dawa ile risasi humgeukia maji. Alimwambia binti yake kwamba wakilazimika kuhama, akinyunyizie chombo kitakachowabeba, wala asimwambie mtu, maana dawa ikitajwa ovyo hupungua nguvu.

Siku ya kuhama ilikuja haraka. Upande wa Mahege moshi ulionekana kwa siku kadhaa, mnene, usio wa kupikia. Askari wa Mdachi walikuwa wakichoma vijiji na ghala za mpunga. Biasha alikuwa amejifungua juzi tu na homa ilimshika, hakuweza kutembea. Iliamuliwa mjomba ampeleke kwa mashua kwa dada yao mkubwa, mbali ndani ya mikoko, ambako askari hawakujua njia. Hatari ilikuwa moja. Chini ya mto palikuwa na kambi ya askari, na wasafiri walipaswa kukata kona kuingia mkondo mwembamba kabla ya kuifikia.

Walianza safari kulipopambazuka, ukungu ukiwa mzito. Mjomba alikagua chupa yake, akaridhika, akarudi kumbeba dada yake. Mwanaharusi akabaki peke yake na kibuyu. Akainyunyizia mashua mbele, akanyunyizia ubavuni. Kisha akafikiri. Mtu alinyunyiziwa dawa nje, lakini vilevile aliinywa. Mashua itakingwaje nje tu, ndani mkavu? Akafungua tangi la mafuta, akamimina iliyobaki yote.

Wakaondoka. Kwa muda mtambo ulikohoa vizuri. Vijiji vilipita kando yao kimoja baada ya kingine, na vyote vilikuwa kimya. Mbuzi mmoja alisimama kizingitini mwa nyumba akiwatazama kama ndiye mwenyeji. Mahali fulani, ambapo nyumba zote zilikuwa zimeungua na kubaki nguzo, walisikia mtu akitwanga. Kinu kililia sawasawa, bila haraka. Mwanaharusi alinyoosha shingo asione mtu. Mama yake akamvuta chini akamwambia asitazame na asiite.

Ndipo mtambo ukapiga chafya, ukatetemeka, ukanyamaza.

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko ukungu. Maji yalikuwa yakipwa, nayo yaliivuta mashua taratibu kuelekea chini, kambini. Mjomba alitia majini pondo lake la kusukumia mashua likazama lote lisiguse chini. Akazungusha mkono wa mtambo, akazungusha tena. Akafungua plagi, akaifuta, akaipuliza. Alikuwa akiusemesha mtambo kama kawaida yake, lakini safari hii alikuwa akiusihi.

Mwanaharusi alikaa akiwa ameshika kibuyu kitupu chini ya upande wa kanga. Akisema, dawa ya baba itapungua nguvu, na huenda huko aliko baba risasi zikampata. Asiposema, mashua itafika kambini. Alijaribu kujiambia kwamba pengine ni plagi kweli. Uongo wa kujidanganya una ladha nzuri mwanzoni.

Mbele yao, ndani ya ukungu, mtu akakohoa. Kisha sauti ya mwanamume ikauliza kwa Kiswahili safi kabisa, "Nani hapo mtoni?"

Mama alimweka mtoto kwenye titi na kumfunika. Sauti ikauliza tena, sasa kutoka upande mwingine, au ukungu ndio uliokuwa ukiichezea. Mjomba aliendelea kuifuta plagi ambayo haikuwa na kosa lolote.

Mwanaharusi alimsogelea mpaka midomo ikagusa sikio lake.

"Mjomba, acha plagi. Nimetia maji tangini."

Mjomba aligeuka. "Maji gani?"

"Dawa ya baba. Kibuyu kizima. Nilitaka mashua nayo inywe."

Mwanaharusi alingoja kofi. Halikuja. Mjomba alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya chumba cha giza, akanong'ona, "Lete chupa."

Akafungua bilula chini ya tangi. Chupa ilipojaa aliiweka imara mpaka ikatulia, nao wote wawili wakaona: mstari mwembamba katikati, safi kama umechorwa kwa kalamu. Chini kulikuwa na ukungu mwingine, mdogo, mweupe. Juu palikuwa na petroli. Maji yalikuwa yameichukua spiriti na kushuka nayo.

Mjomba alimpa mpwa wake chungu akinge. Hakuthubutu kuimwaga spiriti ile sakafuni mwa mashua, karibu na mtambo wa moto. Akamwambia kwa ishara aweke kiganja juu ya chungu, na akihisi joto aseme, kwa kuwa jicho halitamwambia kitu. Mwanaharusi aliweka kiganja. Kioevu kilitiririka. Kila pumzi alidhani anahisi joto, na kila pumzi alijiambia asiseme jambo ambalo si kweli. Sauti kule ukunguni sasa zilikuwa mbili, na kitu cha chuma kililia, kraa.

Kilichotoka kwenye bilula kikabadilika harufu, kikanuka petroli tupu. Mjomba akafunga, akausafisha mrija, akarudisha plagi, akashika mkono wa mtambo.

Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili ulikohoa. Mara ya tatu mtambo ulinguruma kwa sauti ambayo ingeweza kuwaamsha waliozikwa, na mjomba akausukuma usukani wote upande mmoja. Bunduki zikalia nyuma yao. Risasi ziliingia majini kushoto na kulia kwa sauti ndogo, chwip, chwip, kama mtu anayefyonza meno. Kisha matawi ya mikoko yakawapiga usoni. Walikuwa ndani ya mkondo mwembamba, na ukungu ulijifunga nyuma yao kama pazia.

Hakuna aliyeguswa. Hata mbao za mashua hazikuwa na tundu.

Walifika kwa mama mkubwa jua likiwa juu. Biasha alilazwa, akapewa uji na dawa za homa, na jioni alikuwa anaulizia samaki, ishara kwamba anapona. Mwanaharusi alikaa ukingoni akiwa hana raha. Mjomba akaja akakaa kando yake, mikono ikinuka petroli.

"Mjomba, risasi hazikutupata kwa sababu ya ukungu au kwa sababu ya dawa?"

"Mimi najua mitambo tu," alijibu. "Hilo utamuuliza baba yako akirudi."

"Na nikiwa nimeiharibu dawa yake kwa kuitaja?"

Mjomba aliifuta mikono yake kwa majani. Alisema haamini kwamba kinga ya mtu huvunjwa na mtoto aliyesema kweli ili kumwokoa mama yake. Mwanaharusi akauliza kama sasa ataacha kuchanganya spiriti, maana nusura iwaue.

"Niache? Bila spiriti tungeishiwa mafuta mwezi uliopita, leo tungekuwa tumekaa Ruaruke tukiwangoja askari. Mchanganyiko umetubeba miezi yote hii. Lakini kitu kilichochanganywa, mwanangu, hakijulikani kwa kutazama. Mimi nilitazama asubuhi nikaona safi. Wewe peke yako ulijua kilichomo, na mimi nilikuwa nafuta plagi nzima kama mjinga."

"Nisamehe, mjomba."

"Kumimina nimeshakusamehe. Ulikosea kwa mapenzi, na wakubwa hukosea hivyo kila siku. Ila kule kunyamaza kwako, nataka ukukumbuke. Kosa lililosemwa tulilitoa kwa bilula tukaenda zetu. Lisilosemwa lingetufikisha kambini sote watatu, na kichanga yule asiye na jina bado."

Mwanaharusi aliitikia kwa kichwa. Kisha, kwa kuwa siku hiyo alikuwa ameamua kusema kila kitu, akamwambia mjomba kwamba asubuhi, akimwaga chungu, alikuwa pia amekiangusha kitambaa cha kuchujia mtoni.

Mjomba Bashiru alimtazama, akashindwa kujizuia, akacheka. Akavua kilemba chake, akakichana katikati, akampa nusu ya kuchujia.