Kiu ya Muhamad

Mtungi wa Kulusumu ulianza kukauka wiki ileile mumewe Siraje alipoanza kuwasomea majirani kitabu chake. Akiujaza asubuhi, adhuhuri hauna tone, na chini umebaki mchanga mweupe ambao Jinja nzima huupati.

Siraje alikuwa dereva wa jeshi. Serikali ilipopinduliwa mwaka wa sabini na tisa, alikimbia na shemeji yake Muhamad, kaka wa Kulusumu, wakavuka Sudan hadi jangwa la Libya. Vita vilipotulia akarudi peke yake na madaftari matatu ya vichekesho, ndicho kitabu chenyewe: ngamia aliyekula kofia yake, askari wa mpakani aliyetaka hongo ya vitunguu. Na Muhamad? Ameoa huko, alisema, amenenepa. Mama wa Kulusumu na Muhamad, kule Wanale, Mbale, bado alimwekea mwanawe sahani.

Kila alasiri baraza lilijaa. Kisa kilichowavunja watu mbavu kilikuwa cha Muhamad kuchanganyikiwa kwa jua, akapiga magoti akidhani mchanga ni ziwa, akachota kwa viganja na kunywa. Siraje alikiigiza vizuri, mshenzi yule. Kulusumu naye alicheka, Mungu amsamehe.

Siku moja, katikati ya kicheko, mtu alikohoa ndani ya nyumba. Kulusumu akaingia. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya ngozi iliyoungua jua, na nyuma ya mtungi kitu kilikuwa kikichota, kikichota, taratibu, na alipoinama kutazama, aliona alama za viganja viwili zikijichora zenyewe sakafuni, na hapo hapo, karibu kabisa na sikio lake, akanong'onezwa jina ambalo kaka yake pekee ndiye aliyemwita.

"Kulu. Maji."

Shehe akaitwa kutoka Mbale. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, kombe likawa tayari.

"Jini la jangwani," alisema kwa sauti ya chini. "Hufuata mtu aliyemnyima mwenzake maji. Siraje, ulimnyima nani?"

Siraje alijibu kwa Kiswahili chake cha kambini, akiutazama mtungi. "Dumu ilikuwa moja, shehe. Yeye nalala. Mimi nabeba, naenda. Nilitazama nyuma mara moja tu. Yeye nachota mchanga."

"Kunywa kombe, litatoka."

Kulusumu aliiwahi sahani. Alikuwa akilia kwa hasira.

"Likitoka, linaenda wapi?"

"Linarudi jangwani."

"Peke yake tena?"

"Mama, huyo si kaka yako. Ni jini tu, limechukua sauti yake."

"Hata sauti yake, shehe, miaka minane sijaisikia."

Akaliweka kombe nyuma ya mtungi. Likanywewa lote, wakisikia.

Tangu siku hiyo kila anachokunywa Siraje kinageuka mchanga kinywani. Midomo imepasuka, na Mto Nile unapita pale chini, anausikia.

"Mke wangu," ananong'ona, "maji kidogo."

Kulusumu hujaza kikombe, akampita nacho.

"Ngoja. Kaka yangu hajamaliza."