Faidha na Miche Arobaini

Faidha alikuwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Aliishi Kitangari na baba yake, Hamidu, na mama yake, Pili. Kila asubuhi alichota maji, akafagia uwanja, kisha akaenda shule.

Siku moja Mwalimu Nikolao aliwapa wanafunzi kazi ya somo la stadi za maisha. Kila mmoja akae siku nzima na mtu anayefanya kazi, amtazame, amuulize, aandike.

"Msiniandikie mnachokijua," mwalimu alisema. "Niandikieni msichokielewa, halafu mkaulize."

Faidha alitaka kwenda kwa muuguzi wa zahanati, lakini wenzake watatu walikwisha kumuomba. Mwingine alikwenda kwa fundi umeme, mwingine kwa karani mjini Newala. Faidha alibaki hana pa kwenda. Mama yake akamwambia akae na baba yake, kwani Jumamosi ile alikuwa na kazi ya kubebesha miche ya mikorosho.

Faidha aliona aibu kidogo. Baba yake naye alishangaa.

"Mwalimu amesema mtu mwenye kazi," alisema Hamidu. "Mimi nalima tu."

Hata hivyo Hamidu alihitaji msaada. Mikorosho yake ilikuwa imezeeka na haikuzaa sana. Kwa miaka miwili alijaribu kuotesha miche mipya na kuibebesha, yaani kuunganisha kila mche na kikonyo, kijiti kichanga cha mkorosho unaozaa vizuri. Kila mwaka miche mingi ilikufa. Alikuwa amesema kwamba ikifa tena mwaka huu, ataacha.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Hamidu alikuwa amekwisha kukata vikonyo arobaini. Aliviweka katika beseni, akaketi mbele ya miche yake iliyopangwa katika viriba vya plastiki. Alikata kichwa cha mche, akaupasua katikati, akachonga kikonyo kama kabari, akakichomeka, akafunga kwa utepe wa nailoni.

Faidha hakuwahi kumtazama baba yake kwa karibu namna ile. Vidole vyake vilikuwa vinene, lakini kisu kilikwenda bila kutetemeka. Kwa nini kabari? Kwa nini utepe ukazwe sana? Hamidu alijibu maswali ya mwanzo kwa kifupi. Baadaye alianza kueleza mwenyewe, bila kuulizwa.

Faidha aliandika namba kwenye kila kiriba, kuanzia moja, kwa kufuata mpangilio wa kazi. Alitaka tu asipotee katika maelezo yake. Adhuhuri baba yake alikwenda kuswali, akala, akarudi. Alimaliza mche wa arobaini saa nane mchana.

Baada ya wiki nne Faidha alirudi kwenye miche na daftari lake. Mche wa kwanza ulikuwa umechipua. Wa pili pia. Alipofika wa kumi na tatu alikuta umekauka. Kuanzia hapo mpaka arobaini, miche iliyokuwa hai ni minne tu.

Alirudia kuhesabu, kisha akamwita baba yake.

"Baba, iliyofungwa mwanzo iko hai. Iliyofungwa baadaye karibu yote imekufa. Kwa nini?"

Hamidu aliinama, akasoma namba moja moja.

"Sijui," alisema.

Faidha hakuwahi kumsikia baba yake akisema neno hilo. Aliogopa kidogo. Lakini Hamidu alichukua kofia yake na kumwambia alete daftari. Wakaenda kwa bibi shamba, mama mmoja wa Lulindi aliyeitwa Regina.

Walimwamkia, naye akalichukua daftari. Alipomaliza kusoma aliuliza swali moja: beseni la vikonyo lilikaa wapi?

"Hapo hapo uwanjani," Faidha alisema. "Juani."

Regina aliwaeleza kwamba kikonyo kikikatwa hakipati maji tena kutoka kwenye mti wake. Jua linakikausha upesi. Kwanza yaondolewe majani yake, siku saba hadi kumi kabla ya kukikata, ili macho yake yajiandae kuchipua. Kikikatwa, kifungwe katika kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini. Tena mtu akate vichache, vile anavyoweza kuvimaliza asubuhi hiyo.

"Baba Faidha, mkono wako hauna kosa," alisema. "Tatizo lilikuwa jua. Na huyu ameligundua kwa kuandika."

Hamidu alikuwa na miche mingine arobaini. Safari hii aliondoa majani mapema, akakata vikonyo kumi kila asubuhi, akavifunga katika kipande cha kanga ya mkewe kilicholowekwa. Mvua zilipoanza, miche thelathini na saba ilikuwa na majani mapya. Akaipanda pamoja na ile ya kwanza iliyopona.

Faidha aliposoma kazi yake darasani, Mwalimu Nikolao alimwomba Hamidu aje awafundishe wanafunzi. Hamidu alikataa mara mbili. Aliishia darasa la nne, na aliogopa kusimama mbele ya watoto wanaosoma kuliko yeye. Mara ya tatu alivaa shati lake la Idi, akaenda.

Wanafunzi walimzunguka. Walitaka kujua kila kitu, nao wakashika kisu kwa zamu. Mmoja aliuliza kama mkorosho unaweza kubebeshwa kwa kikonyo cha mwembe.

"Sijawahi kujaribu," Hamidu alisema. "Tutamuuliza bibi shamba."

Ubaoni palikuwa na orodha ya kazi ambazo darasa lilijifunza: muuguzi, fundi umeme, karani. Mwalimu alichukua chaki akaongeza mstari mmoja chini. Hamidu aliusoma polepole, akifuata herufi kwa midomo.

Hamidu Uwesu, mtaalamu wa miche.

Alisoma tena. Kisha akamgeukia Faidha, akamwomba amwandikie maneno hayo katika karatasi, ayapeleke nyumbani.