Mshono wa Uvunguni

Wendell Creech alikutwa uvunguni mwa nyumba ya Mzee Roscoe Bynum, kifudifudi, kisogo kimechanwa mara tatu kwa makali ya sepetu. Pigo la kwanza lilitosha kumuua. Mawili yaliyofuata yalikuwa ya chuki.

Inspekta Odessa Tillery alimfikia kwa kutambaa kwa tumbo, maana uvungu wenyewe, ile nafasi kati ya ardhi na sakafu ya mbao, haukuzidi futi mbili kwenda juu. Joto la Agosti la Carolina Kaskazini lilikuwa limemfuata hata huko chini. Maiti ilikuwa imefunikwa kwa plastiki nyeupe nene, ile ile wanayotandika mafundi kuzuia unyevu wa ardhi usipande ukaozesha mbao za sakafu.

Alipotoka, Mzee Bynum alikuwa ametiwa pingu. Sepetu ilikuwa yake. Wiki tatu nyuma, mkewe Ernestine alitumbukia kwenye sakafu iliyooza akavunjika nyonga, na mzee akaapa mbele ya kanisa zima kwamba atamzika mtu wa kampuni iliyotandika plastiki ile uvunguni kwake.

"Kesi imekwisha, Bi Odessa," alisema Askari Mabry. "Kajifunga kwa mdomo wake."

"Na aliyetupigia simu ni nani?"

"Yeye mwenyewe. Anasema aliona plastiki imevimba."

Odessa akamgeukia mzee. "Ulisema utazika mtu?"

"Nilisema, na sijuti! Lakini nilimtaja Clete Barbour, mwenye kampuni. Huyu kijana wake alilia nilipomwonyesha shimo aliloangukia Ernestine. Nina miaka sabini na mmoja, mwanangu. Mkinifunga, nani atamgeuza mke wangu kitandani?"

Swali lile lilimuuma Odessa. Akarudi uvunguni.

Safari hii alikagua plastiki yenyewe. Kila mahali vipande viligusana tu pembeni, bila kupishana, bila utepe wa gundi, na ukibonyeza kwa kiganja unasikia maji yakicheza chini. Kazi ya ovyo. Ila pale juu ya maiti, vipande viwili vilipishanishwa futi nzima, vikafungwa kwa utepe ulionyooshwa bila kikunjo hata kimoja. Katika nyumba nzima, mshono uliofungwa vizuri ulikuwa ule uliomfunika Wendell.

Mzee mwenye hasira kwa ajili ya mkewe angetupia udongo akaenda zake. Aliyeufunga mshono huu alikuwa fundi, na mazoea yana tabu. Ncha za utepe hazikukatwa kwa kisu, zilikatwa kwa meno. Odessa alizitia kwenye mfuko wa ushahidi ziende maabara.

Kisha akalala chali pale alipolala marehemu, akamulika tochi juu. Ubavuni mwa boriti palikuwa na maandishi ya penseli: *27. Maji chini ya plastiki. Nimemwambia Clete. W.C.*

Karatasi ya kampuni iliyobandikwa mlangoni mwa uvungu ilisema unyevu wa mbao ni asilimia 12. Mabry alitumwa dukani akaleta kipima unyevu, kidude cha mkononi chenye sindano mbili. Odessa akakichoma kwenye boriti. Ishirini na saba. Ukizidi ishirini, mbao zinaoza.

Clete Barbour walimkuta kwenye ua wa kampuni yake akipakia gari. Mji mzima ulimpenda. Mwaka uliopita alitengeneza uvungu wa mama yake Odessa, na tangu hapo bibi yule hakuchoka kumsifu.

"Bi Odessa! Mama hajambo? Bado anatembelea kile kigari chake cha kuegemea?"

"Hajambo. Wendell mlionana lini?"

"Alhamisi. Tulicheka, tukaagana."

"Ijumaa, siku aliyouawa, hukwenda kwa Bynum?"

"Sijaingia uvunguni kwa yule mzee tangu masika. Ana kichaa, ataniua bure."

"Wendell alikulalamikia kuhusu maji?"

"Wendell? Bubu yule! Hata salamu umng'oe kwa koleo."

"Na kuandika je? Alikuwa na penseli?"

Clete aliendelea kutabasamu, lakini kamba aliyokuwa akiifunga ilimponyoka. Odessa aliaga.

Kutoka pale alikwenda na Mabry kwa mjane Hardison, mteja mwingine wa Clete, wakaficha gari nyuma ya nyumba; kama Wendell aliandika huko pia, Clete angekuja kufuta. Mjane alimkaribisha Mabry sebuleni kwa chai ya baridi. Odessa akaingia chini na kipima unyevu. Boriti ya tatu ilikuwa na maandishi: *29. Maji chini. Nimemwambia Clete.*

Mwanga wa mlangoni ukazibwa. Clete alikuwa anaingia, mkono mmoja msasa wa kufutia, mwingine mtaimbo.

Walitazamana. Akaachia msasa.

Mle ndani huwezi kusimama wala kurusha mkono. Clete alisukuma mtaimbo kama mkuki, ukampata Odessa ubavuni, akasikia mfupa ukivunjika. Bastola ilikuwa imelaliwa na nyonga yake. Kabla hajageuka, mwanamume yule mzito alikuwa juu yake, amekunja plastiki na kumbandika usoni. Odessa alivuta pumzi, akavuta plastiki. Aligonga mbao za sakafu juu yake kwa magoti, mara moja, mara mbili, huku macho yakiingia giza. Mkono wake ukaangukia kipima unyevu. Akakishindilia shavuni mwa Clete, sindano zote mbili, zikagota kwenye jino.

Clete alipiga ukelele. Mabry, aliyesikia sakafu ikigongwa chini ya miguu yake, alimkokota Clete nje kwa kumshika miguu, Clete akitema damu.

Majibu ya maabara yalipotoka, mate kwenye utepe yalikuwa ya Clete. Alipoonyeshwa karatasi, shavu likiwa na bandeji, aliomba maji, kisha akasema.

"Wendell alitaka kumwita Bynum Jumamosi, afunue plastiki mbele yake. Baada ya hapo nyumba nyingine zote, moja moja. Nyumba arobaini!"

"Kwa nini hukuyatoa hayo maji?"

"Kuchimba mfereji ni wiki nzima. Plastiki ni nusu siku, na ni nyeupe, inapendeza kwenye picha. Nani hutambaa kwenda kukagua?"

"Wendell."

"Nilimwambia tutarekebisha. Akasema, 'Hata kabla Ernestine hajaanguka ulisema hivyo.' Akanipa mgongo, akaandika. Nilidhani ni namba tu, kama kawaida yake. Sepetu ya mzee ilikuwa mlangoni."

"Mara tatu, Clete."

"Alikuwa hajaiachia penseli."

"Na mshono? Mbona ulikazana kuufunga vile?"

Alitazama viganja vyake. "Mikono tu."

Mzee Bynum alifunguliwa mchana ule ule. Hakushukuru mtu, alikimbilia kwa mkewe.

Odessa alifunga jalada, akabaki amekaa mbele ya Clete, ubavu ukimchoma. Swali lililobaki halikuwa la jalada.

"Na kwa mama yangu?"

Clete akainama.

"Clete! Kwa mama yangu je?"

"Mwambie," alisema bila kuinua uso, "asipite upande wa jikoni."

Odessa akabonyeza namba ya mama yake. Simu iliita, ikaita, ikapokelewa.

"Mama! Uko wapi?"

"Niko jikoni, mwanangu, natoa mkate wa mahindi. Mbona unahema?"

"Mama, usisogee. Shika meza. Usiinue hata mguu mmoja, nakuja."