Bibi Asiye na Nafasi

Rafiki yangu Octavian, fundi sauti wa filamu hapa Dodoma, alikwenda kijiji cha Busi kurekodi upepo ndani ya nyumba iliyohamwa. Kwa mazoea akapiga hodi. Kimya.

Studioni, kwenye rekodi ile, akasikia bibi akimwitikia: “Karibu, mwanangu.”

Mwongozaji wa filamu yao, Edina, akaguna. “Programu yetu inabeba njia nne tu za sauti, Octa. Maneno, nyayo, muziki, upepo. Bibi wa watu tutamweka wapi? Mfute.”

Akamfuta.

Jioni akarudi Area D, kwenye chumba anachoishi peke yake. Huwa anabisha hodi hata hapo, walau asikie sauti ya mtu, hata kama ni yake mwenyewe.

“Hodi!”

Upepo wa Busi ukavuma nyuma ya mlango.

“Karibu, mwanangu. Huku nafasi ipo.”